Migomba ya Bibi Sperancia Kwenye Salfeti

"Bibi, ziwa likirudi mahali pake, na wewe utarudi kwenu?"

Nilimuuliza hivyo Bibi Sperancia mwaka 2020, nikiwa darasa la nne, mdomo umejaa ndizi alizopika yeye. Mama alinifinya paja. Bibi hakukasirika. Aliniongezea mchuzi wa maharage, akasema, "Kula, Kemirembe, zinapoa."

Si bibi yangu wa damu. Alikuja hapa Kanoni mwaka huohuo kutoka kijiji cha ufukweni, upande wa Muleba, ambako alikuwa akianika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kulima kibanja cha migomba alichoachiwa na marehemu mumewe. Mvua zilikuwa hazikatiki. Ziwa Victoria likajaa, likaupita mwalo, likaingia kibanjani. Anasema halikuja kwa kishindo.

"Lilikuja kama mgeni mwenye adabu. Leo liko kwenye mgomba wa kwanza, keshokutwa kwenye wa pili. Unajiambia litachoka. Siku moja nashusha miguu kitandani, ndala zangu zinaelea!"

Hapo hucheka mpaka anajifuta macho kwa khanga, na mimi sijawahi kujua kama na mimi nicheke. Maana kaburi la mumewe lilikuwa humohumo kibanjani, nyuma ya nyumba, nalo lilifunikwa na maji.

Mama alikuwa mteja wake wa dagaa siku nyingi, pale gulioni Omurushaka. Ndiye aliyemwombea chumba na kipande cha shamba kwa jirani yetu, Mzee Apolinary. Bibi alishuka kwenye basi na godoro, sufuria mbili, na mifuko mitatu ya salfeti iliyojaa udongo, kila mmoja una chipukizi la mgomba kutoka kwao. Kondakta alimuuliza kama huku Karagwe migomba imekwisha. Jamani, huku ukitupa jiwe litaangukia kwenye mgomba! Lakini Bibi alimjibu kwamba hii ni migomba inayomjua.

Mzee Apolinary alimpokea vizuri ila alimwekea sharti, lile ambalo kila mwenye kibanja huku humwekea mpangaji: utalima maharage, karanga na mahindi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hupandi. Mgomba ukishashika unazaa, na watoto wake wanazaa, na ukizaa mara mbili tatu hakuna tena mtu wa kukwambia uhame. Kupanda mgomba ni kutangaza kwamba hapa ni kwako.

Bibi aliitikia kwa heshima ya kwao, "Ndiyo, waitu." Akazipanga salfeti zake nyuma ya jiko, akawa anazimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nadhani sharti lile lilimfaa. Na yeye hakutaka kutangaza chochote. Alikuwa anangoja maji yashuke.

Migomba ikadumaa, kimo cha mtoto wa chekechea. Mwaka wa pili mmoja ukajikaza ukatoa mkungu. Mzee Apolinary alikuja kuutazama, akauzunguka mara mbili.

"Sperancia, huu ni mkungu au ni bangili?"

"Bangili, Mzee. Nitaivaa siku utakapooa mke wa pili."

"Mwambie huyo!" mkewe, Mama Placidia, alipiga kelele kutoka jikoni kwake.

Ndivyo alivyo. Anajua majina ya ng'ombe wote wa mtaa. Akichambua maharage huzungumza nayo, yenye wadudu anayapa pole kabla ya kuyatupa. Kanisani anaimba sauti ya tatu peke yake, na anadai wengine wote ndio waliopotea. Mimi nilimpenda haraka mno, kwa hiyo nilikuwa na hofu moja tu: kwamba siku moja nitarudi kutoka shule nikute salfeti hazipo.

Karibu iwe hivyo. Maji yalipopungua kidogo alifunga mizigo, akaenda kuangalia. Siku ya tatu akarudi. Kibanja kimekuwa mchanga, alisema, na kaburini ameona ncha ya msalaba tu. "Mwakani." Mwaka uliofuata akasema tena mwakani. Halafu ikaja 2024, ziwa likapanda kuliko mara ya kwanza, na ule msalaba ukapotea kabisa.

Wakati huo nilikuwa nimeingia sekondari, na mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba hata bahari inapanda, kwa sababu dunia inapata joto na barafu za mbali zinayeyuka. Nilikimbia kumwambia Bibi. Nilidhani atafarijika kusikia hayuko peke yake.

"Kumbe na wa baharini?" Aliacha kuchambua maharage. "Na wao huwazika watu wao nyumbani?"

Kitabu hakikuandika.

"Basi wape pole," akasema, kama vile ningewakuta njiani.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Jumamosi asubuhi, mimi na Bibi tulikuwa tunang'oa maharage. Mzee Apolinary alikuja na panga lake la kupogolea. Alitaka kutengeneza mfereji nyuma ya jiko, akashika salfeti ya kwanza aisogeze. Haikusogea. Akavuta kwa mikono miwili, kofia ikamdondoka. Akainama akachungulia chini.

"Sperancia! Njoo hapa."

Mizizi ilikuwa imetoboa salfeti zote tatu na kuingia ardhini. Pembeni ya ile ya katikati kulikuwa na chipukizi jipya, nene, limechomoza kwenye udongo wa Mzee mwenyewe.

"Mawe! Mama wee!" Bibi alishika kichwa. "Sikuipanda, waitu. Imeingia yenyewe."

"Mgomba una miguu?"

"Nakuapia, Mzee."

Mzee alilizunguka chipukizi lile. Nilijua anachofikiria, kwa sababu kila mtu hapa angefikiria hivyohivyo: ana watoto mjini, na siku moja watauliza mgeni huyu amepandaje. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akageuza panga, akampa Bibi kwa upande wa mpini.

"Chagua mwenyewe. Ikate, uendelee kungoja ziwa lako. Au niambie hapa, mbele ya mtoto huyu na mke wangu anayesikiliza pale ukutani, kwamba umepanda. Ukisema umepanda, kona hii ni yako, na wanangu nitawaambia mimi. Nimechoka kuishi na mtu ambaye kila siku yuko kituo cha basi."

Bibi alishika panga. Aliangalia barabara ya kwenda Omurushaka, kana kwamba Muleba inaonekana kutoka hapa. Miaka mitano ameimwagilia migomba ile. Kuikata kungemuua, na kusema "nimepanda" ilikuwa sawa na kulikubalia ziwa kwamba limeshinda.

Akapiga magoti. Akaipasua salfeti ya kwanza kuanzia juu mpaka chini. Halafu ya pili. Ya tatu alinipa panga nipasue mimi. Udongo wa kwao ukamwagika juu ya udongo wa Kanoni, na wa kwao ulikuwa mweupe zaidi, una vipande vya makombe ya konokono wa ziwani ndani.

"Nimepanda," akasema.

"Sijasikia!" Mama Placidia alijibu kutoka ukutani.

"Nimepanda, wewe mwanamke!"

Mzee aliokota kofia yake, akaondoka, na nadhani alikuwa anaficha uso. Sisi tukabaki tunakusanya majani makavu ya kufunika mashina. Tulipofika shina la mwisho, Bibi akaniambia bila kunitazama:

"Kemirembe, uliniuliza ziwa likirudi nitafanyaje. Nitakwenda. Nitamsalimia mzee wangu kaburini, nitanunua dagaa wazuri, halafu nitapanda basi la saa nane nirudi nyumbani."