Kumteremsha Mama Mkubwa

Mama yangu mkubwa aliichukia Tanga mjini kuliko nilivyowahi kuona mtu akichukia mahali. Alikuja kwangu Makorora mara moja tu, akalala siku mbili, akaondoka akisema hewa ya kwetu imeshapumuliwa na watu wengine ndipo tunaivuta sisi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, huko juu milimani, Muheza inaonekana chini kabisa, kwenye nyumba iliyozungukwa na iliki na migomba. Kila mwaka nilimwomba ahamie kwangu, na kila mwaka alinijibu kwamba yeye si samaki wa kukaangwa.

Kwa hiyo siku nilipopanda kumwona, mwezi wa mvua kubwa, nikamkuta amejikunja kitandani, tumbo gumu kama kinu, nilijua kumteremsha kutakuwa vita. Hakukuwa na vita. Nilimwamkia, akanitazama kidogo, akasema, "Shikamoo yako nitaipokea nikipoa, mwanangu." Hapo ndipo nilipoogopa.

Muuguzi wa zahanati alifika jioni. Alimbonyeza tumbo, akanivuta nje, akasema utumbo umeziba, anatakiwa kupasuliwa, na isipite asubuhi. Barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko ya udongo. Kutengenezewa barabara hiyo tumeahidiwa tangu sijaota meno, na sasa nina meno ya kung'oa. Nilimpigia dereva mmoja wa Muheza, akakubali kuleta gari mpaka darajani, chini ya maporomoko. Kufika darajani ilikuwa kazi yetu: njia ya miguu, kuteremka msituni usiku kucha.

Wanaume walitengeneza machela kwa miti miwili ya mkaratusi na blanketi lililoshonwa kwa kamba ya katani. Kule juu mgonjwa akibebwa, kila nyumba iliyo njiani inatoa mabega. Mbebaji anaita, watu wanatoka, wanapokea. Mgonjwa anateremshwa miguu ikiwa mbele na kichwa nyuma, kwa upande wa mlima, asije akaserereka kichwa chini. Anayebeba nyuma yuko karibu na sikio lake, kwa hiyo ndiye mwenye kazi ya kumsemesha. Kazi hiyo aliichukua jirani yake, mpasua mbao mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Wengine walipokezana, yeye alibadilisha bega tu.

Mimi nilifuata nyuma na begi mgongoni. Hospitali unakwenda na vyako, basi nilikuwa na beseni, khanga nne, sabuni, sukari, chupa ya chai, na sweta lake zito ambalo aliniamuru nilibebe, eti huko chini labda wana feni. Mikanda ya begi ilinikata mabega. Njia ilikuwa tope na mizizi, mahali pengine wima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na mvua haikuacha. Nilianguka, nikaamka, nikaanguka tena, mpaka nikaacha kujifuta. Gizani machela sikuiona. Nilichokuwa nacho ni sauti.

"Bibi, umelala?"

"Nilale vipi, nanyi mnanipepeta kama mchele?"

Wanaume walicheka, na mimi nikacheka na tope langu mdomoni. Mbele kidogo, tena.

"Bibi, umelala?"

"Wewe mguu wako mmoja mfupi. Miaka yote hii nimeishi nawe, nimeujua leo."

Nilijiambia mtu mwenye ulimi kama huo hafi. Tulipopumzika kwenye kijito aliniita, nikamwinamia. Mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Nikifia huko chini, usinilaze kwenye mchanga wa pwani. Nirudishe nikalale kando ya kaburi la mume wangu."

"Mama Mkubwa, acha maneno hayo. Tunakwenda hospitali."

"Nijibu."

"Nitakurudisha."

"Haya, twendeni. Tunawachelewesha watu."

Baada ya kijito majibu yakafupika. Alipoulizwa alisema "bado," kisha ikawa "mm" tu. Nilianza kuhesabia pumzi zangu kwenye hizo "mm" zake. Tulipotokeza kwenye mashamba ya chai kulikuwa kunaanza kupambazuka, na kule chini darajani taa za gari zilikuwa zinawaka. Niliziona kwa macho yangu.

"Bibi, umelala?"

Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. Wakaishusha machela. Nilitupa begi, nikakimbia, nikamtikisa, nikamwita majina yote ambayo mtoto anamwita mama. Nililia. Nilitukana mlima, nikatukana mvua, nikawatukana wote waliowahi kusimama jukwaani wakaahidi barabara ile. Hasira hiyo bado ninayo, na sina mpango wa kuiacha.

Mmoja wa wabebaji, kwa upole, alisema gari lipo, anaweza kupelekwa chumba cha maiti, tusubiri njia ifunguliwe. Alisema la maana. Mashati yao yalikuwa yamechanika mabegani, na mmoja alikuwa anatoka damu. Mimi niliahidi, lakini niliahidi kwa mabega ya watu wengine. Nilifungua mdomo niseme tumpeleke kwenye gari.

Mpasua mbao hakunisubiri. Aliinama, akaingia chini ya mti wake, safari hii uso wake ukiwa umeelekea mlimani. Wenzake wakamtazama, kisha nao wakageuka, mmoja mmoja. Machela yenyewe hakuna aliyeigeuza, haikuhitaji. Usiku kucha tulikuwa tunamshusha, na usiku kucha kichwa chake kilikuwa kimeelekea nyumbani kwake.

Nilimpigia dereva nikamwambia arudi. Akauliza mgonjwa yuko wapi, nikakata simu. Nilimfunika Mama Mkubwa kwa lile sweta, nikavaa begi, tukaanza kupanda.

Safari ya kupanda hakuna aliyeita watu. Walitutazama tunavyokwenda, wakatoka, wakapokea bila neno. Aliyekuwa wa nyuma sasa alikuwa wa mbele, bado hataki kupokewa. Palipoanza ule mwinuko wa wima alisimama kubadilisha bega, kama alivyofanya usiku wote, na bila kugeuka akasema,

"Bibi, umelala?"

Sote tukasimama. Mvua ilikuwa imekatika, na kila mtu alikuwa amesikia. Akabaki pale na mti begani, mgongo unatikisika na machela inatikisika naye, nasi tukamsubiri mpaka alipoweza kutembea.