Namba ya Bluu Chini ya Sinki

Mtaani walimwita Mama Spana, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata miaka miwili nyuma, mumewe alipofariki na yeye kulibeba begi lake la vyuma badala ya kuliuza.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na katika maisha yake yote hakuwahi kuchapisha kadi wala kuweka daftari la wateja. Alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kila alipomaliza kazi alilala chali chini ya sinki, akachovya brashi nyembamba kwenye kopo la rangi ya bluu, akaandika namba yake ya simu ukutani, pale pale palipokuwa pakivuja. Kila tarakimu ya saba aliikata mstari katikati, kama mtu aliyefungwa mshipi.

"Jina langu watalisahau," alizoea kusema. "Maji yakifika magotini mtu hatafuti jina. Anatafuta namba."

Na kweli. Mama Spana, aliyekuwa akimshikia tochi na kumpasia spana kwa miaka kumi na minane, aliendelea na laini ile ile, kazi ile ile na kopo lile lile. Simu ikiita, sauti ya upande wa pili ilikuwa tayari imelowa: "Fundi, jikoni kumekuwa bwawa." Hakujua ni nyumba ngapi zina namba ile. Mia tatu? Mia nne? Wateja wenyewe hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa mabomba yao: yule wa koki inayolia, yule wa tangi lenye kutu. Wao ndio waliomtafuta. Namba ndiyo iliyokuwa daftari.

Halafu ukaja ujumbe. *Mteja mpendwa, kwa mujibu wa kanuni mpya za serikali, mwenye laini athibitishe kwa alama za vidole kabla ya mwisho wa mwezi. Laini isiyothibitishwa itafungwa.*

Laini ilikuwa kwa jina la mumewe. Vidole vilivyoisajili vilikuwa chini ya udongo.

Alikwenda kwanza kwa fundi simu wa pale kona, mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko bisibisi yake.

"Shemeji, nisikilize," fundi simu alisema bila kuinua macho. "Usiwapelekee kifo. Wapelekee mgonjwa. Kuna fomu ya wasioweza kutembea, wanakupa miezi sita. Katika miezi sita unawapa watu namba yako mpya polepole, mchezo umeisha."

"Niseme anaumwa?"

"Sema mgongo. Fundi bomba gani hana mgongo?"

Alicheka kidogo, akarudi nyumbani na fomu ile ameikunja ndani ya mtandio. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliisikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akauweka ungo chini.

"Mwanangu nilimzika kwa macho haya. Leo mnataka kumlaza tena kitandani, ili simu iite?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Hata cheti chake cha kifo ni karatasi tu. Kipeleke hicho. Mwenye kusema kweli hana cha kuficha."

Usiku ule Mama Spana aliichana fomu ya wagonjwa. Asubuhi akavaa gauni lake la heshima, akaweka cheti kwenye bahasha ngumu, akaenda kupanga foleni.

Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa mnyororo, na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Karani alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kikohozi.

"Mwenye laini yuko wapi, mama?"

"Alifariki. Cheti hiki hapa. Mimi ni mkewe, nataka iwe kwa jina langu."

"Pole sana." Binti alikisoma cheti taratibu, akaandika, akabonyeza. "Tayari."

"Tayari imekuwa yangu?"

"Tayari imefungwa."

Simu ilikuwa mezani kati yao. Vijiti vya mtandao pembeni mwa kioo vikatoweka vyote kwa mpigo.

"Irudishe," alisema Mama Spana. "Fanya kama sikusema kitu."

"Mfumo hauruhusu. Ukishaandika marehemu, unafunga wenyewe. Matapeli walikuwa wanatumia laini za marehemu, mama. Hata bibi yangu walimliza hivyo hivyo." Alikohoa. "Leta barua ya mahakama ya kukuteua msimamizi wa mirathi ndani ya siku tisini, utarudishiwa. Zikipita, namba anapewa mtu mwingine."

Mahakamani walimpangia tarehe iliyokuwa miezi mitano mbele. Hakuhitaji vidole vyote vya mkono kujua kwamba miezi mitano ni zaidi ya siku tisini.

Nyumbani mama mkwe aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema pole."

Tangu siku hiyo mama mkwe alichambua mchele bila kumtazama usoni.

Mama Spana alinunua laini mpya na kopo la rangi nyeupe, akaanza kuzunguka kufuta na kuandika upya. Lakini angeanzia wapi? Mitaa aliikumbuka, milango ilimchanganya. Kwenye mageti walinzi walimhoji. "Nani amekuita?" "Hakuna aliyeniita." "Basi umekuja kufanya nini?" Ukweli ule ule, kwamba amekuja kufuta namba chini ya sinki, ulimfanya aonekane mwizi au mwendawazimu. Katika miezi mitatu alifikia nyumba kumi na tisa. Simu mpya haikuita hata mara moja.

Siku ya tisini na nne alipiga namba ya zamani. Iliita. Akapokea kijana mchangamfu, muziki ukivuma nyuma yake: "Halo? Kama ni mambo ya bomba, jamani, mimi si fundi." Akakata.

Nyumba ya ishirini ilikuwa ya mwalimu mstaafu, yule wa koki inayolia. Alimfungulia kwa uso wa aibu. "Fundi, wiki iliyopita bomba lilipasuka. Nilipiga, haikupatikana. Ikabidi nimwite mwingine." Kando ya namba ya bluu palikuwa pamebandikwa stika mpya inayong'aa, ya fundi huyo mwingine.

Mama Spana alilala chali, akapaka nyeupe, akangoja ikauke, akaandika. Rangi ilikuwa ya bei rahisi. Saba zenye mshipi zilionekana bado, hafifu, nyuma ya namba mpya.

Mwalimu aliinama, akavaa miwani. "Sasa nipige ipi?"

"Hii ya juu," alisema. "Ile ya chini ina mwenyewe."

Akafunika kopo, akalipigapiga mfuniko kwa mpini wa spana mpaka ukakaa.