Meno ya Watu wa Pigeon Fork

Karibu maisha yake yote Vesta Lykins alitengeneza meno ya bandia katika karakana moja ya mjini Charleston, na alipostaafu akarudi kwetu Pigeon Fork, huku milimani, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mumewe, Hobart, alikuwa ameumia mgongo mgodini, akaandikiwa vidonge vya maumivu vyenye uraibu, na vidonge hivyo vikamwozesha meno na kummaliza polepole kama vilivyowamaliza wengi wetu. Vesta alimuuguza mpaka mwisho. Baadaye hakupenda kuzungumzia kifo chenyewe. Alisimulia jinsi Hobart, mcheshi wa mgodi mzima, alivyoacha kuongea na watu kwa kuona aibu ya kinywa chake.

Kampuni za vidonge zilipobanwa mahakamani zikakubali kulipa fidia, na kaunti yetu ikapata fungu lake la kila mwaka. Ghafla kila mtu akawa na mpango. Sherifu alitaka magari mapya, wengine walitaka jela ipanuliwe. Vesta alikwenda kwenye kikao cha baraza la kaunti, akangoja zamu yake, akaomba fedha za meno.

Wajumbe walicheka. Hawakuwa na nia mbaya, lakini walicheka. Mwenyekiti, Garnet Tackett, aliyekuwa amesoma naye tangu utotoni, akamwambia, "Vesta, dada yangu, watu wanakufa, wewe unatuletea habari za meno?"

"Waliokufa sina la kuwafanyia, Garnet," Vesta akajibu. "Nawasemea walioacha vidonge. Wanatafuta kazi na hawapewi, maana wakifungua mdomo tu, kila mtu anajua walikotoka."

Akaambiwa watalifikiria, na kwetu hiyo maana yake ni hapana.

Hakununa. Alipanga meza ndani ya gereji ya Hobart, akanunua plasta na nta za kuundia meno kwa pensheni yake, kisha akambembeleza daktari wa meno, Amburgey, awe anapanda huku kila Jumamosi kung'oa mabaki ya meno na kuchukua vipimo vya vinywa. Wa kwanza kufika alikuwa Misty Hurley, mama wa watoto wawili, ambaye alikuwa ameacha vidonge zaidi ya mwaka na bado alizungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alitolewa vijino vyote vilivyobaki, na kabla fizi hazijapona kikao kingine kikawadia. Misty akasema atakwenda kusema mwenyewe. Vesta alimsihi asubiri kwanza apate meno.

"Nikishakuwa nayo, Bibi Vesta, nani atanisikiliza?" Misty akamuuliza.

Alisimama mbele ya baraza, kiganja mdomoni. Tackett akamwambia kwa upole, "Binti, hatukusikii. Hebu toa mkono."

Misty akautoa. Akaeleza, maneno yakimteleza, kwamba ameomba kazi dukani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hata jikoni kwenye shule aliyosoma, na kote huko walimtazama mdomo kabla hawajamtazama macho. "Mimi nimeacha," akasema. "Lakini kila nikiongea, ni kama bado."

 Kisha Dewey Casto, fundi bomba mstaafu ambaye naye aliwahi kuzama kwenye vidonge, akapaza sauti kutoka nyuma: "Garnet, hayo magari ya sherifu yatamkimbiza nani, sisi wote tukishazikwa?"

Watu wakacheka. Safari hii Tackett ndiye aliyekosa pa kuweka uso.

Magari yalinunuliwa, sitaki kudanganya. Ila yalipunguzwa, na fedha zilizobaki zikaja gereji: za daktari, za vifaa, na mshahara mdogo wa Vesta, ambao aliukataa mpaka Misty alipomgombeza.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Travis, mtoto wa jirani yangu, alirudia vidonge na kufa meno yake ya bandia yakiwa bado kielelezo cha nta. Vesta aliyamaliza hivyo hivyo, akayang'arisha, akampelekea mama yake ili kijana azikwe nayo. Nilikuwepo. Yule mama alimshika mikono Vesta na hakuiachia kwa muda mrefu.

Misty sasa anafanya kazi kwenye ile nyumba ya wazee iliyomkataa, na baraza limeongeza fungu la meno bila kuombwa mara ya pili.

Dewey naye alipata ya kwake kiangazi kilichopita, akapewa amri ya kula vyakula laini mpaka ayazoee. Jumapili ya karamu ya kanisa Vesta alimkuta nyuma ya meza akitafuna hindi la kuchemsha, la kwanza tangu meno yake yaoze, mashavu yamelowa machozi.

"Dewey, si nilikwambia viazi vya kuponda?"

"Ulisema, dada. Nisamehe."

Vesta akamtazama kidogo, akavuta kiti akaketi karibu naye, kisha akamsogezea siagi.