Chakula si Bwana Harusi

Tangu watu wausifu mgahawa wao kwenye simu, mpishi hana siku asiyonuna. Mkwewe, anayepeleka sahani mezani, anaijua hasira hiyo kwa masikio: kwanza mwiko unagongwa ukingoni mwa sufuria, kisha kikohozi kikavu, halafu kichwa kinachomoza kwenye kidirisha cha jikoni. Mpishi hawatazami wateja. Anatazama mvuke. Ukikatika kabla mtu hajala, ole wake.

Leo bwana mmoja alipanda juu ya kiti ili apige picha vizuri. Mpishi akatoka mbiombio, mikono imejaa unga, akamnyang'anya sahani. "Hiki ni chakula, si bwana harusi! Unakipiga picha mpaka kipoe, halafu ukawaambie watu unapapenda hapa?" Akarudi jikoni kukipasha moto, huku akibwata. Mkwewe akamfuata. Kwenye stuli, kando ya jiko, kulikuwa na sahani ya mpishi mwenyewe, ya tangu mchana, mafuta yameganda juu ya mchuzi kama kila siku.

"Mama, na chako kimepoa."

"Kwani mimi mteja?" akafoka, akamega tonge akalimeza amesimama, macho kwenye kidirisha.