Benchi la Mbele

Mume wangu alikuwa na chumba cha video pale mtaani Bigo, na kazi yake ilikuwa kusemea filamu: mzungu anafungua mdomo, yeye anatuletea Kiswahili. Vita ya makabila ilikuwa imepoa, haijazimika. Kwa hiyo aliweka sharti moja: mle ndani hakuna lugha ya kilima cha mtu, yaani ya kabila lake; Kiswahili tu. Waliochomeana nyumba juzi walikaa benchi moja wakicheka, na mimi nilimsifu kwa hilo.

Ila mama yake hakujua Kiswahili. Alikaa benchi la mbele akitazama midomo, na kila mara aliomba filamu moja tu kwa lugha yake. Nikimwombea, mume wangu alinijibu:

"Siku nitasema luga yetu, batu batasema hii salle ya video iko ya kabila. Angoje kwanza."

Basi wafanyabiashara wa Mahagi wakatuletea filamu ya jinsi sinema ya Amerika ilivyoanza. Wayahudi waliokimbia kuchomewa nyumba Ulaya walifika kwa meli, wakauza glovu na manyoya, wakakodi maduka matupu, wakapanga viti, wakawaonyesha maskini wenzao picha zisizo na sauti. Baadaye wakatengeneza filamu zao. Mume wangu alichangamka kana kwamba anasimulia wajomba zake. Mwishoni akashusha sauti: wengi walibadilisha majina, na katika Amerika waliyoionyesha, mama zao na lugha yao hawamo.

Njiani nilimweleza mama mkwe. Akasema, "Waliogopa majirani. Na huyu mwanangu vilevile."

Alifariki kabla ya mvua. Kwetu mtoto wa kwanza humuaga mzazi kaburini kwa lugha aliyolelewa nayo. Mume wangu akasimama, akatazama majirani wa kila upande, akamuaga mama yake kwa Kiswahili. Kizuri kabisa. Nilitaka kumvuta koti.

Mwanamke wa upande wa pili wa vita, mteja wetu wa siku zote, akanisogelea.

"Mama yenu alikuwaka anasikia Kiswahili?"

"Hapana."

"Sasa alikuwa anaambia nani? Siye tulikuya kulia, hatukukuya kuchunga luga."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, akasikia.

Baada ya matanga tulifungua chumba. Benchi la mbele halikukaliwa. Filamu ya kwanza aliisemea kwa lugha ya mama yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisimama mlangoni nikingoja watu waondoke.

Hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kila nikitazama benchi la mbele.