Kisu ya Tumbo

"Lete kisu ya tumbo." Mjomba wangu alisema hivyo kwa simu kutoka Mambasa kule msituni, mtandao ukakatika, na kwa siku mbili sikulala vizuri. Tumbo gani? La mnyama, nikaamua: kisu cha kupasulia tumbo. Lakini kirefu kiasi gani? Cha inox kisichoshika kutu, au cha chuma cheusi? Ningeweza kumpigia tena nimuulize. Sikutaka ajue kwamba sijui.

Safari iliyopita alinikabidhi mboloko, yule swala mdogo wa msituni, nimpasue mbele ya shemeji zake. Mikono yake imeanza kutetemeka, na mimi ndiye mpwa pekee anayemfuata kuwinda. Nikatoboa utumbo. Uchafu ukamwagikia nyama, tukaiosha mtoni, na hata baada ya kukaushwa kwa moshi bado ilinuka. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba safari ijayo ndiyo itaonyesha kama nitashika kisu au nitabaki kubeba mizigo.

Basi nilizunguka soko la Bunia asubuhi nzima na daftari mkononi, kana kwamba naandika upya kazi yangu ya kumaliza chuo. Visu vyenye meno ya msumeno mgongoni niliviogopa. Mwishowe nikanunua cha inox, kirefu, ncha kama sindano. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kukichukia. Mpini ulikuwa wa plastiki laini. Ukilowa damu si utateleza? Nikageuza njia hadi mtaa wa Mbunya, kwa fundi anayefua visu kutokana na resori, zile springi za malori, nimwombe aufunge mpini kwa mpira wa tairi.

Alikigeuzageuza, akauliza ni cha kazi gani. Nikamweleza, pamoja na maneno ya mjomba na habari ya yule mboloko. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Papa lisansie," akanitania, akiliangalia daftari langu la msomi, "tumbo haiko ya nyama. Tumbo iko ya kisu."

Akachora kwa mkaa kisu kifupi ambacho makali yake yamevimba kuelekea mbele, na ncha yake ni butu. Hicho, alisema, kinapita chini ya ngozi bila kugusa utumbo. Kisha akauliza kile nilichotumia kwa yule mboloko kilikuwaje. Nikakiri: kilikuwa na ncha kama hiki.

Alisema anaweza kukata ncha na kuyasaga makali yapate tumbo. "Lakini nikikata, nimekata. Weye waza mbele."

Nikawaza. Je, kama mjomba alimaanisha kingine? Je, chuma kikiungua kwenye jiwe la kunolea, kisishike makali tena? Je, kikibaki kifupi mno? Gari la Mambasa lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Fundi alikuwa ameshaanza kuangalia kazi nyingine.

"Kata," nikasema.

Akanionyesha baiskeli isiyo na magurudumu, ile inayozungusha jiwe la kunolea. Nikapanda, nikaanza kukanyaga.