Kikombe cha Deusi

Nakumbuka siku baba alipofunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kikombe cha bati. Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, mimi nina miaka kumi na miwili. Shida zangu nazihesabu kuanzia hapo. Njaa na baridi ya Ufipa sizihesabu, hizo nilizaliwa nazo.

Kikombe kilikuwa cha kaka yangu Deusi. Alikuwa ameanza kuanguka. Mara ya kwanza tulikuwa tunapalilia mahindi shambani kwetu Mollo, akaachia jembe, akaenda chini kama gunia, akakakamaa, povu likamtoka. Wenzetu walirudi nyuma wakaziba pua. Siku zile kila mtu alijua kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate na kwa pumzi ya mgonjwa. Ndiyo kazi ya kile kitambaa, mwanangu. Mtu asije akakosea akanywea kikombe cha Deusi. Akapewa na sahani yake, na kigoda chake karibu na mlango.

Misheni walimpa vidonge. Akavimeza, msimu mzima wa kulima hakuanguka. Baba akasema mtoto amepona, vidonge vya nini tena, vinamfanya asinzie shambani. Akavitupa. Lakini kitambaa hakukifungua. Mpaka leo namshangaa baba yangu, Mungu amrehemu. Kama aliamini kaka amepona, mbona kikombe alikiacha na alama yake?

Hayakupita hata mavuno. Tulikuwa mtoni, wanawake wanafua, Deusi ananawa miguu. Akaanguka uso majini. Maji yenyewe yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu, mtoto wa kutambaa angeweza kukaa humo. Nilikimbia, shangazi akanidaka mkono. "Usimguse. Yatakupata." Alinishika kwa nguvu mpaka alama ikabaki. Tulikuwa watu wengi pale ukingoni, wazima wa mwili, na kaka yangu akafa mbele yetu kwa kukosa mtu wa kumgeuza uso.

Bibi mzaa baba alikuja msibani kutoka upande wa Kabwe. Hakulia kwanza. Aliuliza kikombe cha marehemu kiko wapi. Akakitoa, akakijaza togwa ya ulezi, akanywa nusu, kitambaa kikining'inia kidevuni pake. Halafu akamnyooshea shangazi.

"Kunywa."

"Mama, mimi..."

"Kunywa. Mjukuu wangu hakuua mtu kwa mate. Ninyi ndio mmeua kwa kusimama."

Shangazi alikunywa, akakimaliza. Hakuwahi kuanguka, alizeeka akafa kwa kuvimba miguu. Bibi akakifungua kitambaa akakitia motoni, kikombe akanipa mimi.

Sasa nije kwako, Agnesi. Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, nimekulea tangu mama yako alipofariki, kwa hiyo nitasema ninavyotaka. Nilisoma mpaka darasa la nne. Nyumba hii nimeijenga kwa kuuza kitimoto mjini Mazwi, nikisimama kwenye moshi, watu wakinicheka eti mwanamke ananuka nguruwe. Walionicheka baadhi yao wamepanga kwangu.

Ulipoanza kuanguka ukiwa sekondari, sikutafuta kitambaa. Nilitafuta gari la Mbeya. Unakumbuka daktari yule kijana alivyotuhoji kwanza, ulianza vipi, macho yalielekea wapi, ulijing'ata ulimi, uliamka baada ya muda gani. Akasema si kila anayeanguka ana kifafa, na hayo maswali ni kipimo kama vipimo vingine. Ndipo wakakuvisha ile kofia ya nyaya wasome umeme wa ubongo, wakakulaza kwenye mashine ya picha ya kichwa. Picha ikaonyesha vidoa vidogo. Akasema ni vifuko vya mnyoo wa tegu, vimekufa vimebaki makovu, na yule tegu hutoka kwa nguruwe.

Mimi nikamkatalia hapohapo. Nikamwambia, "Daktari, huyu mtoto kitimoto haonji. Amekulia kwenye moshi wake, akiinusa tu anatapika."

Akacheka kidogo. "Mama, anayekula nyama ya nguruwe yenye punje nyeupe, tena haijaiva, huyo anapata mnyoo tumboni, na anaweza asijue. Mayai ya mnyoo yanatoka na choo chake. Akitoka kujisaidia porini hakunawa, akashika kikombe cha mwenzake, mwenzake ndiye anayameza. Hayo ndiyo yanapanda kichwani."

Mwanangu, maneno hayo yalinirudisha kwa baba. Nilikuwa nakiona kile kikombe. Kumbe cha kuogopa kilikuwepo kweli, ila tulikigeuza, tukaogopa mate ya Deusi badala ya mikono yetu. Nyumba yetu haikuwa na choo, nguruwe walizurura nyuma ya migomba, mikono tuliipangusa kwenye nguo. Kwa Deusi picha haikupigwa, siwezi kuapa. Daktari mwenyewe alisema sababu ni nyingi: wengine waliumia wakati wa kuzaliwa, wengine malaria ilipanda kichwani, wengine waligonga kichwa, wengine iko kwenye ukoo, na wengine hata wataalamu bado wanatafuta. Lakini nikifikiri kwamba labda sisi wazima ndio tuliomlisha ugonjwa, kisha tukamfungia yeye kitambaa, usingizi unanikataa.

Na juzi nimekuta vidonge vyako umevifukia kwenye unga wa ulezi. Nilipokuuliza ukasema, "Mama mkubwa, Fredi akiviona ataniacha. Na mbona siku hizi sianguki?"

Mchumba wa hivyo aondoke na miguu yake, wewe ubaki na kichwa chako. Huanguki kwa sababu ya vidonge ulivyokuwa unameza. Maneno yako ni yaleyale ya baba yangu, sikutegemea kuyasikia tena ndani ya nyumba yangu.

Basi nisikilize. Vidonge usiviache hata ukijiona mzima, mpaka daktari akupunguzie yeye mwenyewe pole pole. Ukitaka kuzaa, mwambie kabla ya mimba, maana zipo dawa za kifafa zinazomdhuru mtoto tumboni, atakubadilishia. Dawa ya tegu usinunue dukani ukameza, kama kimebaki kifuko hai kichwani, kikifa ghafla ubongo unavimba. Mtu akianguka mbele yako, mtoe kwenye moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka aamke. Nyama iive mpaka ndani. Na mkono unawe, hata kama umetoka kwenye choo cha tajiri.

Fredi anakuja Jumapili. Nitamtilia togwa kwenye kikombe cha Deusi, nitamweleza kilikuwa cha nani, na wewe utameza kidonge chako mbele yake. Akinywa, nitamwita mwanangu. Akikiweka chini, nitamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima, na wewe hutamfuata.

Mungu akuweke, Agnesi. Akupe mtu wa kukugeuza uso utakapoanguka. Kwa kaka yangu hakumtuma, au alimtuma akashikwa mkono.

Nilichonacho leo ni hiki: nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati. Shamba la mahindi na ulezi Mollo. Nguruwe kwenye banda lenye sakafu, hakuna anayetoka nje. Choo chenye mlango, na kibuyu chirizi cha kunawia chenye sabuni kando yake. Baiskeli. Kaburi moja ninalolipalilia. Kikombe cha bati kisicho na kitambaa. Na wewe.